Kosa la Mwanafunzi au Kosa la Swali? Tuliyojifunza Katika Kupima Uelewa wa Fizikia

Mpira umerushwa wima kwenda juu. Umeshatoka mkononi lakini haujafika kileleni. Ukinzani wa hewa usizingatiwe. Ni kani zipi zinazouathiri mpira wakati huo?

Swali hili ni la mistari miwili, halina hesabu, na bado linawaangusha wanafunzi wanaotatua milinganyo ya mwendo kama wanaokunywa maji. Mwambie mmoja wao mpira umerushwa kwa kasi ya mita 14 kwa sekunde, muulize utafika urefu gani. Ataandika mita 10 na kutaka swali jingine. Mrudishe kwenye kani, atakwambia zipo mbili: ya mkono inayoupeleka mpira juu na uzito unaouvuta chini. Ile ya mkono inapungua kidogo kidogo, na kileleni zinalingana, ndiyo maana mpira unasita. Jibu sahihi ni uzito peke yake, tangu mpira unapotoka mkononi mpaka unaporudi, kileleni pia. Mkono ukishaachia umeachia.

Mitihani yetu ya fizikia ya mwanzo, ya skuli na ya mwaka wa kwanza wa chuo, imezoea kupima ule uwezo wa kwanza. Swali la hesabu ni rahisi kulitunga na rahisi kulisahihisha. Ukitaka kupima dhana mambo yanageuka: swali fupi ndilo gumu, na mtungaji anaweza kukosea bila kujua. Tulichojifunza ni hiki: mwanafunzi akikosa, akose kwa sababu fizikia haijamkaa, akipata, apate kwa sababu imemkaa. Kingine chochote kinachomfanya apate au akose, kiwe Kiingereza, mshale uliofifia kwenye fotokopi au mchezo asioujua, ni jiwe lililofichwa chini ya sahani ya mizani. Na sisi tumefundishwa ubaya wa kupunja mizani tangu chuo cha Kurani.

Kazi hii ina historia yake kwingine. Mwaka 1992 David Hestenes, Malcolm Wells na Gregg Swackhamer walichapisha Marekani mtihani wa kuchagua majibu unaopima dhana ya kani. Toleo lililorekebishwa mwaka 1995 lina maswali 30, na hakuna hata moja linalohitaji kikokotoo. Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard alipowapa wanafunzi wake maswali ya aina hiyo, aliona waliokuwa wakifaulu hesabu ngumu wakiyumba kwenye yale yaliyoonekana mepesi. Mwaka 1998 Richard Hake akakusanya matokeo ya wanafunzi 6,542 wa kozi 62, waliopimwa kwa mtihani huo au mtangulizi wake kabla na baada ya kufundishwa. Madarasa ya mhadhara wa kawaida yalipata kwa wastani ongezeko la 0.23 ya kile kilichowezekana kuongezeka. Yale ambayo wanafunzi walijadiliana na kushughulika darasani yalipata 0.48.

Kishawishi ni kuuchukua mtihani huo na kuupiga fotokopi. Hatukushauri. Baadhi ya maswali yake yanazungumzia kisahani cha mchezo wa magongo wa barafuni kinachoteleza juu ya sakafu isiyo na msuguano, picha inayomjia haraka mtoto aliyekulia kwenye barafu. Majibu yake ya uongo, yale ambayo watahini huyaita vipotoshi, yametokana na maneno ya wanafunzi wa Marekani. Dhana potofu zenyewe hazina uraia, utazikuta Wete, Pemba, kama utakavyozikuta Chicago, lakini maneno yanayozibeba ni ya mahali.

Maneno kabla ya fizikia

Katika Kiswahili cha kila siku nguvu ni nguvu tu: ya mkono, ya umeme, ya dawa, ya Serikali. Fizikia inaigawa mafungu: kani, nishati, na kazi inayofanywa kwa kila sekunde. Mwanafunzi anayesema mpira "una nguvu ya kwenda juu" huenda anamaanisha nishati mwendo, na hapo hajakosea. Ukimkata alama bila kumuuliza, umemhukumu kwa msamiati. Uzito nao: dukani ni kilo, darasani ni nyutoni. Na kazi: hamali aliyesimama na gunia la kilo 50 kichwani anatoka jasho, halafu fizikia inasema hafanyi kazi yoyote juu ya gunia kwa kuwa gunia halisogei. Swali linalotumia neno kama hilo bila kulifafanua linapima kama mwanafunzi amekumbuka kuvaa kofia ya darasani.

Joto ndilo linalotutesa zaidi. "Msumari na kijiti vimelala mezani usiku kucha. Asubuhi kipi ni baridi zaidi?" Mwanafunzi anayejibu msumari anasema kweli kuhusu mkono wake, maana chuma hunyonya joto la vidole haraka kuliko mti. Tulichotaka kumuuliza ni halijoto, na viwili hivyo halijoto yao ni moja. Swali lililorekebishwa linasema: "Ukivipima kwa kipimajoto asubuhi, kitasomaje kwa kila kimoja?" Sentensi moja imebadilika, na wale waliokuwa wakikosa kwa sababu ya lugha wanahamia upande wa waliopata. Wanaoendelea kukosa sasa wanakosa kwa fizikia, na hao ndio wanaohitaji somo.

Upande wa Kiingereza una mitego yake. Maneno ya at rest husomwa kama kupumzika, ilhali maana yake ni kutosogea. Smooth husomwa kama laini kwa kugusa, ilhali mtungaji anataka kusema hakuna msuguano. Light string imewahi kueleweka kama kamba inayong'aa, na normal force kama kani ya kawaida, ilhali ni kani ya sakafu inayosukuma kitu kwa pembe ya mraba nayo. Dawa ni kusema moja kwa moja: sakafu haina msuguano, tungamo la kamba lihesabiwe kuwa sifuri. Sentensi moja, wazo moja. Ukiona maelezo ya swali yana "isipokuwa" au "lipi kati ya haya si", yavunje uyaandike upya, kwa sababu kukanusha katika lugha ya pili kunawachanganya hata wanaojua.

Mtihani wa fizikia wa Kidato cha Nne hutungwa na NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, kwa Kiingereza, na hilo haliko mikononi mwa mwalimu wa darasa. Majaribio yake mwenyewe ya wiki na ya nusu muhula yako mikononi mwake. Lakini tafsiri kamili nayo si jawabu. Mwanafunzi aliyefundishwa acceleration kwa miaka mitatu, ukimletea "mchapuko" siku ya jaribio umempa fumbo jipya. Kinachofanya kazi vizuri ni hadithi ya swali kwa Kiswahili, istilahi zikibaki kama zilivyofundishwa, kwa jinsi walimu na wanafunzi wanavyosema hasa darasani.

Kujua kama lugha ndiyo tatizo si lazima kubahatisha. Tayarisha karatasi mbili zenye maswali yale yale, moja ya Kiingereza na moja ya mchanganyiko. Wagawie kwa kupishana viti, si kwa madawati, maana marafiki hukaa pamoja. Hesabu swali kwa swali. Tuseme kila upande una wanafunzi 20. Swali ambalo 13 wamelipata kwa mchanganyiko na 6 tu kwa Kiingereza lina ugonjwa wa lugha. Swali lililokosewa na wengi pande zote mbili lina ugonjwa wa fizikia. Mwanafunzi mmoja au wawili wa tofauti wasikushughulishe.

Forodhani haiko katika kila kichwa

Watu wengi hudhani ukishaondoa barafu ukaweka mandhari ya nyumbani, swali limekuwa la haki. Si hivyo. Chukua vijana wanaojirusha baharini kutoka ukutani Forodhani, ufukweni mwa mji wa Zanzibar. Swali linajileta lenyewe: wawili wanauacha ukuta kwa wakati mmoja, mmoja anajiachia tu, mwingine anakuja mbio na kuruka mlalo, nani atagusa maji kwanza? Jibu la kitabu ni pamoja, kwa sababu mwendo wa mlalo hauzuii kuanguka.

Sasa muulize kijana anayeruka pale kila jioni. Atakwambia aliyekuja mbio anachelewa. Na anasema kweli! Hakuna anayekuja mbio akaruka mlalo. Kila mmoja hujisukuma juu kidogo. Ukuta ukiwa wa mita 3 juu ya maji, anayejiachia anafika kwa takriban sekunde 0.78. Anayejiinua sentimita 20 tu kabla ya kushuka anatumia sekunde 0.20 kupanda na 0.81 kushuka, jumla 1.01. Tofauti ni karibu robo ya sekunde, na jicho linaiona. Swali limemwadhibu mwenye uzoefu na kumpa zawadi aliyekariri. Tena wanaojirusha pale kwa kawaida ni wavulana, na ni wa Mjini; msichana wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, au mtoto wa Konde, Pemba, anaijua Forodhani kwa picha.

Tulipohamia mezani tulipumua. Sarafu mbili za shilingi 200 ukingoni mwa meza yenye urefu wa sentimita 80. Rula imelala ukingoni, ncha yake imetokeza nje. Sarafu moja imekaa juu ya ncha hiyo, nyingine iko mezani ubavuni mwa rula. Rula inapigwa: ya kwanza inadondoka wima, ya pili inarushwa mbali. Zote zinatumia sekunde 0.40 hivi kufika sakafuni, na unasikia mlio mmoja. Faida kubwa ya swali hili ni kwamba baada ya jaribio unaweza kulifanya mbele ya darasa bila kifaa chochote cha maabara, na anayebisha anakuja kupiga rula mwenyewe.

Mandhari ya nyumbani hufaa pale ambapo uzoefu wa wengi unafanana na haupingani na jibu. Kuvuta dau pwani kwa kamba kunajulikana Unguja na Pemba. Kuanua karafuu zilizoanikwa kwenye jamvi kunajulikana zaidi Pemba. Pishi ni kipimo cha ujazo na kilo ni cha tungamo, na swali la densiti lililojengwa juu ya tofauti hiyo ni zuri mno kwa mtoto wa mashamba ya karafuu, lakini wa Malindi, mjini Unguja, atahitaji mstari wa kumweleza pishi ni nini. Mstari huo uandikwe.

Swali la kanuni ya tatu ya Newton lina mtego wa namna yake. Daladala lenye tungamo la kilo 3,000 limegongana na pikipiki ambayo pamoja na dereva ina kilo 200. Ukiuliza "nani amepata kishindo kikubwa", kila mtu atasema pikipiki, na hakuna aliyekosea, kwa sababu kishindo ni neno la madhara. Gawa swali mara mbili. Kwanza: linganisha ukubwa wa kani ambayo daladala imeipa pikipiki na ile ambayo pikipiki imelipa daladala. Pili: linganisha mabadiliko ya kasi zao. Kani ni sawa. Ikiwa ni nyutoni 6,000 kila upande, daladala linapata mchapuko wa 2 m/s² na pikipiki 30 m/s², mara 15 zaidi. Mwanafunzi anayepata sehemu ya pili na kukosa ya kwanza amekuonyesha hasa mahali mafundisho yalipokatika. Ukilibakiza swali moja hutajua.

Vipotoshi havitungwi kichwani

Mwalimu anayejua fizikia ni mtungaji mbaya wa majibu ya uongo. Ataweka yanayoonekana ya kipuuzi kwake, na mwanafunzi atayaruka. Vipotoshi vizuri vinatoka kwa wanafunzi wenyewe. Dakika 10 za mwisho wa kipindi, wape swali bila majibu ya kuchagua, waandike kwenye vikaratasi bila jina na bila alama, kwa lugha wanayotaka. Vikaratasi 30 vinatosha. Vipange kwa mafungu ya wazo moja. Kila fungu lenye vikaratasi vitatu au zaidi ni kipotoshi, na liandike kwa maneno yao, si kwa ya kitabuni.

Hapo kuna mambo madogo yanayoharibu kazi kubwa. Jibu sahihi likiwa refu kuliko mengine, wajanja hulichagua kwa urefu wake. Likiwa na sauti ya kitabu ilhali mengine yana sauti ya mtaani, wataligundua kwa harufu. "Yote hapo juu" na "hakuna jibu" yatupwe. Na Kiswahili kina mtego wake ambao Kiingereza hakina: upatanisho. Swali likiishia na "itaongezeka" na majibu yakawa mkondo, kasi na uzito, mwenye sikio la Kiswahili atachagua kasi bila kujua chochote, kwa kuwa mkondo na uzito "utaongezeka". Yasome maswali yote kwa sikio hilo kabla ya kuyachapa. Kipotoshi kisichochaguliwa na mtu katika majaribio mawili kiondolewe. Majibu matatu hai ni bora kuliko matano yenye mawili maiti.

Kisha ije hatua ambayo wengi huiruka kwa sababu inachukua muda, nasi tunaithamini kuliko takwimu zote: kumsikiliza mwanafunzi. Watano au sita, wa viwango tofauti, mmoja mmoja, robo saa, maswali matatu. "Soma kwa sauti, kisha niambie unachofikiri. Mimi sitasema kitu." Na kweli usiseme, usitikise kichwa, maana watoto wetu wamelelewa kusoma uso wa mkubwa. Chora visanduku vinne: jibu sahihi na sababu sahihi, jibu sahihi na sababu mbovu, jibu baya na sababu nzuri, jibu baya na sababu mbovu. Visanduku vya pili na vya tatu ndivyo vinavyokuhukumu wewe mtungaji.

Mfano wa kisanduku cha pili uko kwenye mpira wetu wa mwanzo. Ukiuliza tu "baada ya mpira kutoka mkononi", utampata anayechagua uzito pekee akieleza kwamba mpira umeshafika juu na kani ya mkono imekwisha njiani. Jibu sahihi, dhana ile ile potofu. Ukiandika "mara tu baada ya kutoka mkononi, ukiwa bado unakwenda juu kwa kasi", hana tena pa kujificha. Kwa kisanduku cha tatu hakuna mfano bora kuliko yule kijana wa Forodhani. Swali lenye watu wawili kati ya sita katika visanduku hivyo vya kati halipaswi kufika kwenye karatasi ya mtihani kabla ya kurekebishwa.

Globu, betri, na ukweli wa maabara

Swali maarufu la umeme: globu A iko peke yake kwenye betri. B na C zimefuatana kwenye betri ya aina ile ile. D na E ziko sambamba kwenye betri ya tatu. Zipange kwa mwanga. Jibu ni A, D na E sawa, kisha B na C sawa, hafifu. Kwa betri ya volti 3 na globu za omu 10, tukichukulia ukinzani haubadiliki, A, D na E kila moja ina mkondo wa ampia 0.3 na wati 0.9, B na C zina ampia 0.15 na wati 0.225. Swali moja linawaibua wanaodhani mkondo unaliwa na globu ya kwanza (watasema B inashinda C) na wanaodhani betri hutoa mkondo ule ule siku zote (watasema D na E ni hafifu kuliko A).

Lakini aliyefanya jaribio hilo kwa betri zilizochoka ameziona D na E zikififia kwa macho yake, kwa sababu ya ukinzani wa ndani wa betri. Usipoandika kwamba betri ni mpya na ukinzani wa ndani usizingatiwe, unamkosesha mtazamaji mzuri. Na ukitaka kulionyesha darasani, tafuta globu za zamani za tochi zenye uzi wa moto. Taa za LED zinazojaa madukani sasa hazifai: nyeupe inahitaji karibu volti 3 kuwaka, mbili zikifuatana kwenye volti 3 hazitatoa mwanga wa maana, na ukigeuza nguzo haiwaki kabisa. Wanafunzi wataondoka na somo jingine.

Hesabu za swali lenyewe

Baada ya jaribio, panga karatasi kwa jumla ya alama, kutoka ya juu hadi ya chini. Darasa likiwa na wanafunzi 40, chukua 27% kila upande, yaani 11 wa juu na 11 wa chini. Kwa kila swali hesabu waliopata. Tuseme 9 wa juu na 4 wa chini: tofauti ni 5, gawa kwa 11, unapata 0.45. Kwa kawaida 0.3 na zaidi huhesabiwa kuwa swali linatenganisha vizuri. Likiwa karibu na sifuri, haliwajui wanaojua na wasiojua. Likiwa hasi, wa juu wanalikosa kuliko wa chini: angalia kwanza kama jibu ulilolitia alama ni lenyewe, kisha angalia kama wanaojua zaidi wameona jambo ambalo wewe hukuliona. Darasa dogo linayumba. Katika mfano huu mwanafunzi mmoja tu anahamisha kipimo kwa 0.09, basi usilitupe swali kwa jaribio moja.

Angalia pia asilimia ya waliopata dhidi ya bahati. Kwa majibu manne, kubahatisha kunaleta 25%. Swali lililopatwa na 10% halijawa gumu tu. Wangebahatisha wangepata zaidi! Kuna kipotoshi kimoja kinachowavuta wote, na hicho ni imani, si ujinga. Katika maswali ya dhana hilo ni jambo la kawaida na lenye thamani, mradi yale mahojiano yamekuhakikishia kwamba imani yenyewe ni ya fizikia.

Kwa haki baina ya makundi, kulinganisha wastani wa wasichana na wavulana hakutoshi, maana huenda kundi moja limefundishwa vizuri zaidi. Linganisha wenye jumla ya alama zinazokaribiana. Jaribio la maswali 20 ligawe ngazi tatu: 0 hadi 6, 7 hadi 13, 14 hadi 20. Ndani ya kila ngazi, swali kwa swali, wasichana wangapi wamepata na wavulana wangapi; wa mjini na wa shamba; wa Unguja na wa Pemba ikiwa darasa ni la chuo. Swali linaloelemea kundi moja katika ngazi zote tatu lina kitu kisicho cha fizikia ndani yake. Hata mtihani ule wa 1992, unaotumika dunia nzima, watafiti wamekuja kuonyesha kwamba baadhi ya maswali yake yanaelemea jinsia moja. Kama darasa ni dogo, kusanya matokeo ya miaka miwili au mitatu kabla ya kutoa hukumu.

Kupunguza bahati kuna njia ambayo David Treagust aliielezea mwaka 1988: swali la ngazi mbili, jibu kisha sababu, zote za kuchagua. Majibu manne na sababu nne, bahati inashuka hadi 1 kwa 16. Tunaipenda, kwa sharti kwamba sababu ziandikwe kwa lugha ambayo mwanafunzi anafikiria. Ngazi ya pili ikiwa ya Kiingereza kirefu, umeongeza mzigo wa kusoma mara mbili na kurudisha uchafu uliokuwa ukiufuta.

Muda: dakika moja na nusu hadi mbili kwa swali kwa mtu anayesoma kwa lugha ya pili. Maswali ya mwisho yakibaki matupu kwa wengi, umepima mbio. Ramadhani ikiangukia wakati wa majaribio, yafanywe asubuhi mapema. Michoro ichapwe kwa wino mweusi mtupu. Mishale ya kijivu hupotea kwenye fotokopi ya tatu, na swali linalotegemea urefu wa mishale linakuwa kitendawili. Chapa nakala moja kwenye mashine ile ile itakayotumika na uiangalie kutoka umbali wa mkono. Wakikaa watatu dawati moja, tengeneza matoleo mawili kwa kubadilisha mpangilio wa maswali.

Maswali ya dhana kwenye mtihani yakiwa hayana alama, wanafunzi hawatayasoma. Tunayapa angalau theluthi ya karatasi. Yale unayoyatumia kabla na baada ya muhula, kwa hesabu ya Hake, yasiwe na alama kabisa na yasirudishwe mikononi mwao. Ongezeko ni alama za baada kutoa za kabla, gawa kwa mia moja kutoa za kabla: darasa lililotoka 30% hadi 51% limepata 21 juu ya 70, yaani 0.30. Namba hiyo inampima mwalimu na njia yake. Isitumike kumgredi mtoto.

Na kila swali liwe na kadi yake. Juu andika wazo linalopimwa kwa sentensi moja. Ukishindwa kuliandika kwa sentensi moja, swali lina mawili ndani yake. Chini: tarehe, darasa, asilimia, kipimo cha kutenganisha, visanduku vinne, na kilichobadilishwa na kwa nini. Kadi ya zile sarafu mbili inasomeka hivi: "Neno 'vitu' limeondolewa, imeandikwa 'sarafu'. Mchoro: rula imerefushwa, baadhi walidhani ni ukingo wa meza. 'Zinafika lini' imekuwa 'ipi inafika kwanza, au zinafika pamoja'. Ijaribiwe tena."